Nyumba Isiyotembea

Jebel Ali, Dubai
12 Novemba 2023

Baba, shikamoo.

Nimeituma hii kwa sanduku la usharika kama ulivyoagiza. Dada Edna ameniambia simu umemrudishia, kwamba kwa masikio yako yalivyo sasa unasikia mvumo wa nyuki tu na mtu humsikii. Basi tutaandikiana. Mwandiko wangu usiucheke, mikono imezoea msasa.

Uliuliza ni kazi gani hasa ninayofanya, maana nikisema niko kwenye magari unadhani natambaa chini na spana. Sivyo. Haya ni magari ya kuishi, huku tunayaita karavani. Nje ni gari, ndani kuna kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na choo cha ukubwa wa kabati. Yalitengenezwa Ulaya kabla sijazaliwa, mengine kabla Edna hajazaliwa. Arbab wetu, yaani tajiri wetu, huyanunua yakiwa yameoza, yanashushwa hapa bandarini, na sisi karakana tunayafufua. Mimi ni fundi wa ndani: makabati, droo, dari. Ukiniona nikipima pembe kwa ile skwea uliyonipa, ungedhani niko kwenye banda lako.

Shida ilikuwa wanunuzi. Waliokuwa wakiyapenda wamezeeka, na migongo haiwaruhusu kulala kwenye godoro la futi mbili. Arbab akampa kazi mwanawe Hashir, kijana wa miaka ishirini na sita, awatafute vijana wenzake. Vijana wa huku, Baba, wanabadilisha gari kama shati. Utawaambiaje wapende kitu cha mwaka 1978? Hashir akasema kitu cha zamani hakiuzwi kwa injini, kinauzwa kwa hadithi. Sasa tunapiga video, tunaziweka mtandaoni, na wanakuja kweli, wengine wanangoja zamu. Na mimi nimo kwenye video hizo. Asubuhi nasugua mbao, jioni naongea mbele ya kamera. Hashir anasema nina uso wa kuaminika.

Kuhusu Krismasi nimekuelewa. Najua mimi ndiye kitindamimba, na nyumba ya baba ni ya kitindamimba, na kwamba unataka kunikabidhi mbele ya ukoo. Ila Desemba huku ndiyo baridi, ndipo watu wanapotoka kwenda kulala jangwani, ndio msimu wetu. Nitaomba ruhusa. Inshallah, kama wanavyosema huku wakitaka kukataa kwa heshima, lakini mimi naisema kwa maana yake.

Mwanao,
Elisante


Mamba, Kilimanjaro
10 Desemba 2023

Mwanangu Elisante,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa miwani ya marehemu mama yako, ambayo inanifaa kuliko yangu.

Umetaja makabati, hukutaja mbao. Fundi anayetaja kabati bila mbao ni kama mchungaji anayetaja sadaka bila injili. Ni plaiwudi? Kama ni plaiwudi sema, sitakudharau, ila nijue. Na viungo mnaviunga kwa gundi au kwa ulimi na tundu? Gari linatikisika. Gundi peke yake itakuaibisha njiani. Weka ulimi.

Nyumba iko tayari. Nimebadilisha mabati ya upande wa mvua. Chini ya dirisha la chumba chako palikuwa na ubao ulioliwa na mchwa, nimeutoa, nikaweka wa mringaringa niliokuwa nimeutunza tangu mwaka uliobatizwa. Milango yote nimeikwangua na kuipaka mafuta. Ulezi wa mbege umeshanunuliwa na ndizi ziko kwenye majani zinaiva.

Edna anataka nipumzike. Nimemwambia nitapumzika nikishakukabidhi. Kaka zangu wameuliza kama utakuja, nimewaambia utakuja. Siandiki haya kukusukuma. Lakini nina miaka sabini na minane, na ukoo huuliza.

Baba yako,
Aminieli


Mamba
22 Januari 2024

Eli,

Sikukupigia simu kwa sababu ungenikatiza ukaanza kujieleza. Hii utaisoma mpaka mwisho, ndipo ujibu.

Ulipopiga tarehe ishirini na tatu Desemba kusema msimu umekubana, nilimwandikia Baba kwenye karatasi. Akasoma, akasema "kazi ni kazi", akawagawia baba zetu wakubwa mbege iliyokuwa yako, akanywa nao. Hilo lilipita.

Jana Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa nje kwenye mnada wa sadaka. Vijana wa kwaya walikuwa wamejazana kwenye simu moja, wanasema huyu si Eli wa Mzee Aminieli? Baba akaiona picha yako. Alifurahi, Eli. Aliishika ile simu kwa mikono miwili, akawaonyesha watu: "Huyu wangu. Tazameni hilo kabati nyuma yake, kazi yake hiyo." Unaongea Kiingereza, kwa hiyo akamwomba Mwalimu Fortunate amtafsirie. Mwalimu akasita, maana alishaelewa. Baba akasema, "Sema tu, mwalimu, kwa sauti. Unajua masikio yangu."

Basi akatafsiri kwa sauti, sentensi moja moja, na kila sentensi Baba akisema "Sikusikia, rudia," naye akarudia kwa nguvu zaidi. Mnada ulisimama. Nakuandikia maneno yenyewe uyaone kwa Kiswahili:

"Baba yangu ana miaka sabini na minane. Maisha yake yote hajawahi kulala nje ya nyumba yake. Nyumba hiyo inanisubiri niingie nifungiwe, kama alivyofungiwa yeye. Nyumba isiyotembea ni kaburi lenye mlango. Usiwe kama baba yangu."

Hilo la mwisho mwalimu alilirudia mara tatu. Mara ya tatu Baba akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sasa nimesikia." Akamrudishia kijana simu yake, akamshukuru mwalimu kwa kumsaidia.

Tulirudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha nje mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Edna, alilazimishwa?"

Mjibu wewe.

Dada yako,
Edna


Jebel Ali
11 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Edna ameniandikia. Nimesoma kwa aibu, na nakuomba unisikilize.

Maneno yale si yangu. Aliyaandika Hashir kwenye karatasi, mimi nikapewa niyasome. Huku mfanyakazi hamwambii mtoto wa arbab hapana. Ukimwambia hapana leo, kesho kibali chako kina matatizo. Ni biashara tu, Baba. Wanatafuta maneno ya kuwachoma vijana wanunue, na wiki ijayo watakuwa wamesahau. Mimi mwenyewe mengine sikuyaelewa mpaka nilipoyaona kwenye barua ya Edna.

Naomba usiyaweke moyoni.

Uliniuliza mbao. Ni plaiwudi, kwa sababu ya uzito. Lakini milango ya makabati ni mti wa kweli, na nimetumia ulimi na tundu kama ulivyosema.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Elisante


Jebel Ali
29 Machi 2024

Dada Edna,

Leo ni Ijumaa Kuu na mimi niko kazini, maana huku leo ni Ijumaa tu. Wiki karibu saba zimepita, Baba hajajibu. Nikikupigia unasema "yupo, ana kazi zake," halafu unakata. Kazi gani hizo, Edna?

Nitakuambia wewe, kwa sababu sina mwingine. Nilimdanganya. Hashir hakuandika kitu. Aliwasha kamera akasema, "Yalla Eli, tuambie kwa nini uliondoka kwenu," basi. Nikafungua mdomo, yakatoka. Wala sikutetemeka. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Hashir akasema khalas, haturudii, hii ndiyo yenyewe. Imetazamwa na watu wengi kuliko waliomo wilayani kwetu. Ndiyo iliyouza.

Halafu mwezi uliopita alikuja binti mmoja anaitwa Mawadda, yuko mwaka wa mwisho wa chuo. Tulimwandalia maneno yetu ya siku zote, uhuru, barabara, nyota za jangwani. Hakuyasikiliza. Alipanda kwenye karavani ya mwaka 1981 niliyoitengeneza mimi, akavuta droo ya jikoni, akaisukuma, akaivuta tena, akaanza kulia. Babu yake alikuwa na ya aina hiyohiyo, akiwapeleka jangwani kila baridi. Alipofariki, wajomba wakampa mtu wa vyuma chakavu. Hashir akamuuliza anapanga kusafiri wapi. Akasema, "Sitaki kwenda popote. Nataka kukaa ndani yake."

Nilisimama pale na kitambaa changu mkononi, nikawaza droo ya meza ya jikoni kwetu, ile ambayo lazima uiinue kidogo ndipo ifunguke. Nikajua naitaka ile nyumba. Nimekaa huku miaka sita nikiwafundisha watoto wa watu kupenda vikuukuu vya wenzao, na cha kwetu nimekitukana mbele ya dunia. Inaniuma, Edna. Siku hizi nikiiona sura yangu kwenye simu ya mtu naangalia pembeni.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa kliniki Oud Metha kupimwa kwa ajili ya kibali. Pale mapokezi, kwenye chungu cheupe karibu na mashine ya maji, kuna isale. Nilidhani nimeona vibaya. Wao wanaliweka kama pambo. Yule dada wa mapokezi ni Mkenya, anaitwa Betty, nikamwomba jani moja. Akauliza, "La nini sasa, buda?" Nikamwambia kwetu mtu akikosa kosa lisilotibika kwa maneno, hutuma mtu na jani la isale, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akalikata kwa mkasi wa bandeji, akanifungia kwa kitambaa safi.

Atalileta Kasian, yule wa kwa Mzee Temba, anayefanya kazi hotelini Al Mankhool. Anakuja likizo baada ya Pasaka. Nimemwambia asilipitishe kwa mtu, aende kwa miguu yake mpaka mbele ya Baba, alitoe kwa mikono miwili. Na amwambie kwa mdomo kwamba nyumba naitaka.

Mdogo wako,
Eli


Mamba
5 Mei 2024

Mwanangu Elisante,

Kasian alifika, bahati nzuri mvua ilikuwa imepumua. Alilitoa jani kwa mikono miwili nami nikalipokea kwa mikono miwili. Halafu nikaliangalia vizuri.

Jani lako lina mstari wa njano katikati. Masale yetu ni kijani kitupu tangu shina mpaka ncha, unajua, wewe ndiye uliyekuwa ukiyapogoa mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani. Nikawaita kaka zangu. Ndesario akasema hili ni pambo la hoteli, si isale, lirudishwe. Mwingine akasema isale hukatwa kwenye udongo wa ukoo, halikatwi kwenye chungu cha wagonjwa. Wakabishana mpaka mbege ikaisha, na iliyobishaniwa zaidi ilikuwa ile njano. Nikawaambia: mtoto yuko jangwani, alitafuta akapata hili. Lingekuwa na madoa pia ningelipokea. Isale halikataliwi. Nimekusamehe, na wao ni mashahidi.

Na lile la pili nimekusamehe pia, la kusema yaliandikwa na mwingine. Nilijua siku ileile pale uwanjani. Mtu anayesoma karatasi macho yake hutembea. Yako yalikuwa yametulia.

Ulisema sijawahi kulala nje ya nyumba yangu. Nimelala. Ulipozaliwa ulikuwa mwepesi kuliko randa yangu. Mama yako alilazwa nawe Moshi mjini, na wodini hawakuruhusu wanaume. Ng'ambo ya barabara palikuwa na lori bovu la ushirika. Nililala humo siku arobaini na moja. Nilipigilia ubao wa kulalia, rafu ya chupa ya chai, na pazia la gunia. Kila asubuhi muuguzi alisimama dirishani akanionyesha kidole kimoja, maana yake bado yupo. Sikukuambia, kwa sababu si jambo la kumwambia mtoto, angejiona mzigo. Nakuambia leo ili hesabu ya maisha yangu ikae sawa kwako.

Sasa nyumba. Edna hakukuambia kwa sababu nilimkataza, usimlaumu.

Baada ya ile Jumapili nilikaa siku kadhaa nikifikiri. Sikuwa na hasira, nataka ulijue hilo. Nilikuwa na aibu. Niliona nimemjengea mtoto jela, naipaka mafuta kila mwaka, na kila Krismasi namwita aje aingie. Baba gani anafanya hivyo? Nikasema nitamfungua nikiwa hai, maana nikifa nayo imesimama, ukoo utamlazimisha. Nilianza tarehe moja Februari. Nimeivunja mwenyewe, ubao kwa ubao, kwa mpangilio niliojengea mwaka 1971, ila kinyume. Edna alilia, akaniletea uji palepale juu ya ngazi.

Barua yako ya Februari ilinikuta nimebakiza ukuta wa jikoni na chumba chako. Nilikuwa nimeanza kuchoka, na moyo ulikuwa umeanza kuniambia niache. Nikaisoma. Nikasema, mtoto anayeogopa kuniambia kweli kwa ajili ya nyumba bado amefungwa. Nikapanda tena ngazi. Nilimaliza wiki ya Pasaka, kabla mvua haijakolea.

Mbao nimewapa usharika. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wakikaa chini, sasa wana mabenchi kumi na moja. Mringaringa haukuonyesha hata ufa. Mawe ya msingi sikuyang'oa, mgongo ulikataa. Mimi nakaa kwa Edna. Ananitunza vizuri, isipokuwa kitanda kimeelekea upande nisiouzoea, nikiamka naenda ukutani.

Kasian aliponipa jani akaniambia neno lako la mdomo, kwamba nyumba unaitaka. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti kubwa, na Ndesario akamgeukia. Nikamwomba tena, akarudia tena, maskini, jasho likimtoka.

Mara ya kwanza nilikuwa nimesikia.

Baba yako,
Aminieli


Jebel Ali
26 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Kasian alinikabidhi barua yako kwenye lango la karakana na hakutaka kukaa hata kunywa maji. Nimechukua siku tano kuweza kukujibu, na hata sasa nimeanza karatasi ya nne.

Sina la kujitetea. Nilisema kweli iliyokuwa na ukatili, kisha nikasema uongo uliokuwa na woga, na wewe ukanijibu vyote viwili kwa nyundo yako, kwa mapenzi. Natamani ungenitukana. Ningekuwa na mahali pa kushika.

Nilimwomba Hashir aitoe ile video. Aliuliza kwa nini, nikamwambia. Akasema, "Wallahi, Eli, sikujua maneno yale yangemfikia," akaitoa mbele yangu. Lakini watu walikwisha kuichukua na kuirusha kwingine. Juzi alikuja kijana mmoja, akanitambua, akanishika mkono kwa nguvu. Baba yake alimpa kiwanja ajenge karibu naye. Aliposikia maneno yangu akakikataa, na sasa amekuja kununua karavani. Akaniambia, "Asante, umenifungua macho." Nilitaka kumwambia arudi kwa baba yake leo hii. Nilimwambia, Baba, kweli nilimwambia, yote, na lori, na siku arobaini na moja. Alinisikiliza kwa adabu, akafikiri ni sehemu ya biashara. Akasema hadithi hii ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Kisha akaniomba nimwonyeshe meza inavyokunjwa, nikamwonyesha.

Likizo nimepata. Nitatua tarehe kumi na nne Julai mchana, na Edna asihangaike kunifuata uwanjani, nitapanda mwenyewe. Nitakwenda kanisani kwanza niyaone mabenchi. Nataka kuyagusa.

Nawaza kwa Edna kuna chumba kimoja tu cha ziada, na wewe ndiye unayekitumia, na hapo ndipo unapopaswa kuwa. Miaka yote nimekuja nyumbani usiku au mchana bila kuuliza jambo hili. Safari hii naomba unielekeze, Baba: nikifika, nilale wapi?

Mwanao,
Elisante